Magogo Arobaini na Mlango Mmoja

Jumatatu, 2 Agosti 1993

Gogo la saba limefika chini kabla yangu. Nilikuwa nimelilaza juu ya migomba niliyoikata. Mgomba ukiumenya maganda ya nje unateleza kama sabuni. Mpango ulikuwa mimi nishike kamba, gogo lishuke taratibu, kama ng'ombe anayekwenda kunywa maji. Gogo halikutaka taratibu. Kamba ikaniunguza viganja. Gogo likapita kiwanja changu, likapita mahindi ya mama (mistari miwili tu), likavuka njia, likaenda kusimama hatua tatu kutoka rundo la matofali la Prosper. Prosper alikuwa juu ya rundo. Akaruka. Hakuumia. Mimi nilikaa kwanza nyuma ya mgomba, nione.

Prosper akalitazama gogo, akalipiga teke, kisha akapaza sauti ili kijiji kizima cha Kisiba kisikie: "Nkamu, ndugu yangu! Kumbe unaniletea kuni! Ndaga fijo!" Akashukuru mpaka akainama.

Hapo ndipo panapomuuma. Ana matofali elfu nne mabichi, hana kuni za kuyachoma. Miti ya huku imekwisha. Mikaratusi iliyobaki ni ya baba, na baba kanipa mimi. Kila gogo ninaloliweka ukutani, Prosper analiona kama lake limepotea.

Nimelivuta gogo kurudi juu. Saa nne asubuhi mpaka saa kumi. Peke yangu. Safi kabisa.

Jumanne, 3 Agosti

Leo napumzisha viganja, basi naandika. Buku hili ni shajara ya chama cha ushirika ya mwaka 1989. Siku zake hazifanani na za mwaka huu. Nakata, naandika zangu.

Nyumba ni kwa ajili ya Sekela. Kalelewa na shangazi yake, mama Atuganile. Huyo shangazi kasema wazi hatoi binti kwa kijana anayelala chumba kimoja na mbuzi. (Mbuzi wako upande wao. Kuna ubao katikati.) Tarehe 28 anakuja kuona nyumba. Asipoiona, kuna Prosper. Siku hizi biashara ruksa, na Prosper anauza mitumba Bulyaga. Ana jaketi lenye maandishi mgongoni na redio kaseti. Mimi nina shoka, tezo, patasi na panga.

Matofali ya kuchoma siwezi. Saruji ndiyo usiseme. Lakini nyuma ya mlango wa ofisi ya mchungaji kuna kalenda kuukuu, ina picha ya nchi ya baridi. Nyumba ya magogo matupu, yamelaliana kwenye pembe kama vidole vya mtu anayesali. Nimeitazama kila Jumapili mwaka mzima wakati wenzangu wanasalimiana nje. Haina msumari hata mmoja. Nimeielewa yote.

Na kwa nini peke yangu? Ukiita watu wa kazi, mwenye kazi lazima asimame mbele yao aseme neno. Asubuhi awakaribishe, jioni awashukuru. Mimi shule niliachia darasa la nne, siku mwalimu aliponisimamisha mbele nitaje jina langu. Halikutoka. Walisubiri mpaka kengele. Sasa nikiwa peke yangu nitamhutubia nani?

Alhamisi, 5 Agosti

Jana nilikwenda Ibighi kwa fundi Amoni, nikaazima msumeno mrefu, ule wa watu wawili, mmoja huku mwingine kule. Amoni akauliza huyo wa pili ni nani. Nikasema yuko njiani.

Wa pili ni mwanzi. Niliupinda mwanzi mmoja mrefu pale kichakani, nikaufunga kwenye mpini wa kule. Mimi navuta, mwanzi unarudisha. Watu wana akili ndogo kweli, miaka yote hii wanatafuta mwenzao wa kushika upande wa pili!

Mvuto wa kwanza, vizuri. Wa pili, wa tatu, wa nne, unga wa mti unamwagika, natamani Prosper angekuwa anaona. Wa tano, mwanzi ukachukua msumeno. Uliruka unaimba. Sasa uko juu ya mianzi, unaning'inia, unang'aa, unaonekana toka barabarani. Kila anayepita anasimama kuuliza ule msumeno umefuata nini kule.

Sekela akapita na ndoo. Mimi nikashika shoka nikajifanya nalikagua. Akatazama juu, akapiga goti kidogo, akasema: "Shikamoo, msumeno." Halafu akaziba mdomo, mabega yanatikisika. Nilikuwa na jibu zuri sana. Limekuja sasa hivi, na sasa ni jioni.

Jumapili, 8 Agosti

Msumeno ulishuka wenyewe Ijumaa, upepo. Haujapinda sana.

Baada ya ibada Prosper alisimama kwenye ngazi, vijana wake wa matofali wamemzunguka. Akatangaza kwamba Andongwisye, yaani mimi, anajenga jeneza la ukoo mzima, wataingia wote kwa pamoja, bado kifuniko tu. Watu walicheka. Mchungaji akakohoa, lakini nilimwona, naye alicheka. Mimi nikapita nimejibana ukutani mpaka nje. Nikahesabu waliocheka: kumi na tisa. Sekela hakucheka. Yeye alikuwa ananitazama mimi, kitu ambacho ni kibaya zaidi, nikagonga mguu kwenye benchi.

Jumanne, 10 Agosti

Mistari minne imesimama! Kila pembe imekaa. Siri ni masizi. Nalipaka masizi gogo la chini, nalilaza la juu, nalinyanyua tena. Palipochafuka ndipo pamezidi, natoa kwa tezo. Tena masizi, tena tezo. Polepole mpaka gogo linakaa juu ya mwenzake kama mtoto mgongoni. Kupandisha, naegemeza nguzo mbili, napitisha kamba chini ya gogo, navuta mimi niko juu. Linapanda linabiringika. Pima maji yangu ni chupa ya dawa ya kikohozi, maji nusu, inalala juu ya gogo. Mama anauliza nani anakohoa.

Sijui nisemeje. Asubuhi ukungu umefunika bonde lote, ziwa halionekani, hata tanuri la Prosper halionekani. Kuna tezo tu, tak, tak, tak, na harufu ya karatusi mpaka machozi. Mtu hakuulizi kitu. Gogo halikuulizi kitu. Kama nisingekuwa naoa, ningejenga hii nyumba mpaka nizeeke.

Ijumaa, 13 Agosti

Baba kaja kukagua. Mzee Rubeni haongei sana, huko ndiko nilikotoa. Akazunguka nyumba mara mbili, mikono mgongoni. Kisha akarudi nyuma hatua kumi, akainamisha kichwa upande. Akasema: "Juu ni padogo kuliko chini."

Nikapima. Kweli. Kumbe kila gogo nilikuwa nalipima kwa lile lililotangulia, na kila mara linapungua vidole viwili. Vidole viwili mara mistari saba. Nyumba inakwenda inajifunga kama kapu lililopinduliwa.

Nikamwambia baba ndivyo nilivyokusudia. Mvua ya Rungwe hainyeshi kwa adabu, basi ukuta ukilala kidogo maji yanateleza. Baba akapitisha kiganja ukutani. Akasema ni ajabu babu zetu hawakuliona hilo. Akarudi kwake kukaa kwenye kigoda chake barazani. Nimekuwa nikimwangalia. Kila siku anakisogeza kigoda kidogo. Nadhani anafuata jua.

Jumatano, 18 Agosti

Magogo arobaini! Mistari kumi, kuta nne! Niliweka la mwisho saa sita mchana, nikashuka kwa furaha, nikakaa chini nikajifuta jasho. Kisha nikaona kuta pande zote.

Nilikuwa nimeshukia ndani. Na nyumba haina mlango.

Hili siyo kosa. Nyumba ya magogo inajengwa nzima kwanza, mlango unakatwa baadaye. Mimi nilikuwa najua hilo, ila nilikuwa nimeacha msumeno nje. Mama akaja na chai, akazunguka nyumba akiita. Nikajibu. Akazunguka tena. Akaweka mdomo kwenye ufa, akauliza kama nimeingia humo kwa hiari yangu. Nikatoka kwa kupanda pembe.

Sasa mlango niuweke wapi. Nyuma kuna ukingo wa udongo nilioukata, haiwezekani. Kulia kuna migomba, huoni kitu, utakaa unatazama majani. Kushoto mteremko. Mbele! Mbele ni wazi. Nikaukata mbele. Shika msumeno huku, nenda shika kule, rudi huku. Kazi ya watu wawili nimeifanya mtu mmoja, kila mvuto na matembezi yake. Jioni nilikaa mlangoni, nikaona kila kitu: njia yote, nani anakwenda wapi na amebeba nini, tanuri la Prosper halijawashwa, baraza ya baba, baba mwenyewe na kikombe chake. Mlango kama huu hakuna Kisiba nzima. Hanipiti mtu.

Baba aliinuka akaingia ndani. Jua lilikuwa bado.

Jumanne, 24 Agosti

Paa. Mianzi na nyasi. Kwa vile juu ni padogo, nyasi hazikuhitajika nyingi, kwa hiyo ule upungufu ulikuwa ni akili. Nyufa nimeziba kwa udongo na mavi ya ng'ombe.

Prosper kaja kwa upole, na jaketi lake. Akasifu. Akapigapiga ukuta kama mtu anayenunua ng'ombe. Akasema nyumba nzuri, ila mchwa wataila miaka miwili. Bora nimpe magogo sasa achomee matofali, halafu matofali anigawie, wote tuwe na nyumba za maana. Akasema sisi ni rika moja, tumechunga wote. Nilitaka kumwambia kwamba karatusi ni chungu, mchwa hawaipendi, na hata yeye anajua. Nikasema: "Mm." Nadhani ameelewa.

Jumamosi, 28 Agosti

Nitaandika ilivyokuwa.

Shangazi Atuganile alikuja saa tatu na Sekela, wamepitia juu, migombani. Shangazi ni mama mnene, mfupi, anatembea kama anakanyaga nyoka. Akashika ukuta. Akaunusa! Akausukuma kwa makalio, ukuta haukutikisika. Akauliza misumari iko wapi. Mama akajibu kwa fahari haipo. Shangazi akamwita Mungu, "Kyala!", akaingia, sote nyuma yake, baraza ya baba ikiwa bado tupu, na mimi nikaufunga mlango wa mianzi waone unavyofunga. Nikaona Sekela anapitisha kidole kwenye pembe, pale magogo yanapokutana. Moyo wangu ulikuwa umejaa, sijui niuweke wapi.

Shangazi akakaa juu ya kipande cha gogo, akashusha pumzi, akasema kijana huyu ana mikono. Halafu akamwambia Sekela afungue mlango, mwanga uingie.

Sekela akafungua. Baba alikuwa barazani kwake, mbele kabisa, anakunywa chai.

Kwetu mke na baba mkwe hawaonani. Akimwona hata kwa mbali anaacha njia anaingia migombani, na mzee naye anageuza uso. Kila mtu anajua. Na mimi najua. Nimejua tangu kuzaliwa.

Sekela alipiga kelele akaanguka chini kifudifudi, kitenge kichwani. Baba alipiga kelele akakimbilia chooni na kikombe chake, chai inamwagika njia nzima. Shangazi akaufunga mlango kwa mgongo wake. Giza. Akasema taratibu sana: "Mwanangu. Huu mlango umeuweka kwa sababu gani?"

Nikasema: nione watu.

Akaniuliza Sekela atatokaje kwenda kuchota maji. Nikatoa mpango wa kwanza: atatoka kinyumenyume. Wa pili: baba atahamia kwa dada yangu. Wa tatu: baba atakuwa anapiga filimbi kabla ya kukaa. Mama akaniambia ninyamaze, na hiyo ni mara ya kwanza maishani mwangu kuambiwa hivyo.

Hukumu ya shangazi ni hii: Jumamosi ijayo atarudi. Akikuta mlango unatazama huko, basi Jumapili atawapokea watu wa Prosper waje kuposa. Hawezi kumtia binti kwenye nyumba ambayo kila asubuhi ni aibu. Wakatoka mmoja mmoja, mama ameshika mkeka mbele yao kama ukuta.

Jumapili, 29 Agosti

Nimemuuliza baba kwa nini hakuniambia. Siku zote hizi alikuwa ananitazama! Mzee akanywa chai yake kwanza. Akasema: "Mlango wa mkwe, baba mkwe anausemaje? Hata kuutaja ni kuchungulia." Kumbe kigoda alikuwa anakisogeza kukwepa mlango ambao hata haujakatwa. Alishaona nitakapoukata. Jana alikaa pale kwa kusudi. Alisema ilibidi aonekane mara moja, kuliko kuonekana maisha.

Nikaenda kwa Amoni kuuliza kama naweza kukata mlango wa pili upande wa migomba. Akasema ukuta ukikatwa hapa na hapa, pembe ile itasimama kwa imani. Lakini akasema kitu kingine: nyumba yenyewe haina msumari. Ni ya mraba. Inafumuka, inasukwa upya, imegeuzwa robo. Watu ishirini, siku moja. Mtu mmoja, mwezi.

Nina siku sita.

Jumanne, 31 Agosti

Nimeanza kufumua. Nyasi kidogo tu nimetoa, na mgongo wa paa.

Sekela alipita na ndoo. Safari hii alisimama. Akaongea anatazama ndoo, mimi nikasikiliza natazama shoka. Alisema shangazi hatanii, watu wa Prosper wameshafuliwa mashati. Alisema matofali yeye hana ugomvi nayo, ila hayanuki kitu. Na alisema: "Usipoigeuza hiyo nyumba, Ando, mimi nitakaa mle ndani kama kuku anayeatamia. Au nitakaa kwa Prosper. Sasa sema wewe."

Nilifungua mdomo. Akasubiri. Alisubiri kweli, ndoo kichwani, maji yanamdondokea begani. Nikasema: "Nitaigeuza." Neno zima! Akaondoka anatembea pole, bila haraka kabisa.

Kwa hiyo nahitaji watu ishirini ambao sitasema nao. Nimefikiri mchana kutwa. Nimepata! Nimechukua ubao, nimeandika kwa mkaa, nimeuegemeza njiani karibu na tanuri la Prosper:

NYUMBA YA MAGOGO INAVUNJWA ALHAMISI. KARIBUNI.

Hakuna uongo hata herufi moja. Prosper akiusoma atasema nimekata tamaa, kuni hizo. Atakuja na vijana wake wote. Watafumua wao! Mpango mkubwa kuliko wa mwanzi.

Alhamisi, 2 Septemba

Walikuja! Saa moja asubuhi, kumi na nane, Prosper mbele na kamba mpya. Akanishika bega, akaniambia pole nkamu, mwanaume anajua kushindwa. Nikatingisha kichwa. Magogo nilikuwa nimeyatia alama za mkaa usiku, kila moja na mahali pake. Nikawa naonyesha kwa kidole tu: hili pale, lile pale. Wakadhani napenda unadhifu. Ilipofika saa tano nyumba yote ilikuwa chini, imepangwa mafungu manne kuzunguka kiwanja.

Hapo mpango wangu ulikuwa umeishia. Nilikuwa sijafikiri zaidi ya hapo.

Prosper akafunga kamba kwenye gogo la kwanza, akasema sasa twende nayo kwenye tanuri. Kumi na nane wakainama. Nikajua lazima niseme, sasa hivi, mbele ya wote. Nikapanda juu ya gogo. Wakainuka. Nikaona macho yote. Jina langu nikalitafuta, halipo. Nikamwona mama anatoka jikoni na masufuria mawili ya mbalaga, ndizi na maharage, mvuke unapanda, na mtungi wa kimpumu, pombe yetu ya ulezi, nyuma yake. Mama ameona watu wako kazini kwake, angewaachaje? Kinywa changu kikasema chenyewe: "Karibuni chakula."

Nikashuka. Basi. Hotuba imekwisha.

Wakaacha kamba, wakanawa, wakala. Walikula! Prosper peke yake sahani mbili, akalamba na vidole. Kisha akafuta mdomo akasema haya, tubebe. Mama akamtazama. Akauliza tu, sauti ya chini: "Prosper, umekula chakula cha nini?"

Prosper akasema ndizi, mama.

"Sijauliza ndizi. Mwenye kazi amesimama juu ya gogo, amekukaribisha, umekula. Nyumba iko wapi?"

Prosper akaweka sahani chini. Hapa kwetu ukishakula chakula cha kazi, kazi ni yako mpaka iishe. Ukiondoka, hata mama yako hatakukaribisha tena mezani kwa moyo mmoja. Vijana wakaanza kutazamana. Mmoja akacheka, akatema mate viganjani. Prosper alisema mimi nimemtega. Nilitaka kumwambia sikumtega, ilitokea. Nikanyamaza, ikaonekana kama nimemtega.

Wakaijenga. Alama zangu zilifanya kazi, kila gogo lilikwenda kwake, limegeuzwa robo. Upande wenye mlango sasa uko kwenye migomba, njia ya chemchemi iko hapo hapo, na mteremko umesawazishwa kwa mawe. Prosper alibeba kichwa cha kila gogo zito, amevua jaketi, anaimbisha. Ana sauti nzuri, lazima niandike ukweli. Magharibi mianzi ya paa ilikuwa juu.

Matawi na vichwa vya miti vilivyobaki nilimpa Prosper vyote, rundo refu kama nyumba. Nilimwonyesha kwa kidole. Akasema yanatosha kuchoma matofali yake na ya jirani. Akacheka, akanipiga mgongoni mpaka nikakohoa. Tanuri ataliwasha kesho.

Jumamosi, 4 Septemba

Jana kutwa nilikuwa juu ya paa, nyasi. Leo shangazi kaja. Hakunusa chochote. Alikwenda moja kwa moja mlangoni, akasimama, akatazama nje. Migomba. Akanyoosha shingo kulia. Migomba. Kushoto. Njia ya maji, na kuku mmoja. Akamwita Sekela, naye akatazama, wakakaa pale muda mrefu kama watu wanaotazama ziwa.

Shangazi akaniambia baba yangu atume wazee. Akasema ni nyumba ya kwanza aliyoona iliyokosewa ikawa bora. Na juu kwa nini ni padogo? Sekela akajibu kabla yangu, kwa sababu ya mvua, maji yateleze. Alijuaje? Mimi nilimwambia baba tu. Watu wananitazama kumbe.

Tanuri la Prosper linafuka moshi bonde lote. Watu wake shangazi atawapokea kesho kwa chai, kisha atawaambia. Kuna mtu Bulyaga, anasema mama, binti wa fundi cherehani, anayempenda Prosper tangu zamani, na Prosper ndiye pekee asiyejua.

Baba karudisha kigoda mahali pake. Anakunywa chai amenyoosha miguu.

Jumatatu, 6 Septemba

Nimekaa ndani ya nyumba yangu, nafikiri. Haya yote yamenifundisha kitu kimoja: kazi ukiifanya peke yako inakwenda vizuri. Matatizo yalianza watu walipokuja kutazama.

Sasa Sekela anahitaji jiko. Jiko la mke halikai ndani ya nyumba ya kulala. Nimebakiza magogo kumi na mawili mafupi, yanatosha. Nimetafuta mahali jana jioni, nimepata pazuri mno: pamesawazika, udongo mkavu, karibu kabisa na zizi la baba. Asubuhi baba akikamua, maziwa yanakuwa ya moto bado, mkono kwa mkono, mke hatembei hata hatua kumi. Nimeshapigilia vijiti vya kupimia. Sijamwambia mtu. Niliona mama anavitazama vile vijiti, kisha anatazama zizi, kisha anashika kichwa na kutoka mbio kuelekea njiani. Sijui kaona nini. Nyoka labda.

Ngoja. Kuna nyimbo.

Wanapanda. Kumi na nane au zaidi, wana mashoka, Prosper ndiye anaimbisha. Mama yuko mbele yao. Sauti yake inafika mpaka hapa, anasema wawahi kabla hajaanza. Na harufu ya mbalaga inatoka jikoni kwake, kumbe alishapika.

Wamefika migombani, watatokea mlangoni kwangu. Watanisimamisha, na mwenye kazi atatakiwa aseme neno. Tena asubuhi, na jioni tena.

Dirisha nililolitoboa leo asubuhi liko upande wa ukingo, ni dogo, lakini nimepungua sana mwezi huu. Lazima niondoke sasa hivi.